Kigoda cha Kushoto

Jioni ya tatu ya mafunzo, Mwatumu na Mzee Shedafa walikuwa bado wanabishana.

"Anza na solo, shemeji," alisema mzee. "Solo ndiyo inayowanyanyua watu vitini."

"Mimi nifundishe ridhimu." Gitaa alilolipakata Mwatumu lilikuwa la marehemu mumewe, Mbaruku, aliyepiga ridhimu, gitaa la kusindikiza solo, ubavuni mwa Shedafa kwa miaka ishirini na mbili.

"Ridhimu peke yake nani ataisikiliza?"

"Na solo peke yake je, shemeji?"

Shedafa alipakata gitaa lake la solo. Alifumba macho, akaanza kupiga. Mwatumu akamfuata kwa vidole vilivyochubuka. Ilipofika mahali pa kubadilisha vidole, mzee alitoa ishara kwa kidevu, kama walivyozoea yeye na Mbaruku kwenye bendi. Lakini aliitoa kushoto, ukutani, ambako hapakuwa na mtu. Mwatumu, aliyeketi kulia, hakuiona. Akachelewa, wimbo ukakatika.

"Tena," alisema Shedafa bila kufumbua macho.

Wakarudia. Kidevu kikaenda ukutani vilevile.

Mara ya tatu, kabla mzee hajaanza, Mwatumu alinyanyua kigoda chake taratibu, akazunguka, akakiweka kushoto. Kidevu kilipomgeukia, alibadilisha vidole papo hapo, na solo ikapaa juu ya ridhimu yake.

Shedafa akatabasamu, macho bado kayafumba.

"Hapo sasa, Mbaruku!"

Mwatumu hakumsahihisha. Aliendelea kupiga, akisubiri kidevu kigeuke tena.