Jiko la Bluu

Siku hizi ramani ya mtaa ina matabaka, kila mwaka juu ya mwenzake kama chapati, hata mwaka ambao Mungu hajauleta. Penye moto huonekana pekundu, penye baridi bluu. Na haijapata kukosea.

Mwanakombo, mke wa mwanangu, alinifungulia Ramadhani ijayo kwenye simu yake. Jiko langu lilikuwa bluu mwezi mzima.

"Mbona jiko limelala?" nikamuuliza.

"Ah, mama, labda utafuturu kwetu."

"Tangu baba yenu afariki, umewahi kunialika wewe?"

Akacheka, akazima simu.

Leo kaja kuazima sufuria yangu kubwa ya uji. Nikamwambia, "Uirudishe kabla ya mfungo, inshallah."

Akashangaa. "Ya nini tena, mama?"