Waranti Ife

Fundi aliipindua laptopu juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye stika ndogo iliyofunika skrubu ya katikati. Ilikuwa imechanika vipande viwili.

"Hii ikichanika, mama, waranti haipo tena. Mashine imefunguliwa."

"Haijafunguliwa," alisema mpokezi.

Alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja kwenye ofisi ya mawakili alikopokea simu na wageni mwaka wa tisa sasa, na nusu ya saa hiyo ilishaishia kwenye foleni. Aliuhamisha mkoba bega hili, akaurudisha bega lile. Laptopu ilikuwa ya mtumba iliyokarabatiwa, aliinunua duka hilohilo miezi minne nyuma, ile ya zamani ilipokufa na kutupwa kabatini, ili jioni awapigie watu chapa barua na ripoti zao. Tangu mwanzo ilikuwa nzito ajabu. Ukiiwasha, unakwenda kuoga na kurudi bado inazunguka. Kila siku mezani aliilalamikia. Tangu juzi ndiyo ikagoma kabisa. Inalia tu, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, kioo kikiwa cheusi.

"Nyumbani tuko wawili," aliendelea. "Mimi bisibisi hata kuishika sijui."

"Na huyo wa pili?"

"Mume wangu. Hawezi."

Fundi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Kina mama wote wanasema hivyohivyo. Baba anatazama video moja kwenye simu, kesho yake keshakuwa fundi."

"Nimekwambia hawezi."

Sauti ilikuwa imepanda. Waliokuwa nyuma yake waliacha simu zao wakatega masikio. Ili kumaliza ubishi, fundi alichukua bisibisi, akakitoa kifuniko cha chini mbele ya macho yake.

"Haya, tazama mwenyewe. Kadi ya memori tuliyoweka sisi haipo. Hii ni nyingine, kuukuu, imetolewa kwenye mashine ya zamani, ila ni kubwa kuliko ile. Kuna mtu alitaka kukuongezea kasi. Bahati mbaya hakuisukuma mpaka mwisho, ndiyo maana inalia." Akagonga skrubu moja baada ya nyingine kwa ncha ya bisibisi. "Na vichwa hivi, unaviona vilivyokwaruzwa? Bisibisi imeteleza, akarudia, ikateleza tena. Aliyefanya kazi hii mikono ilikuwa inamtetemeka kama mlevi."

Mpokezi, ambaye muda wote alikuwa akigongagonga kaunta kwa pete yake, aliacha kugonga.

"Mikono," alisema. "Miwili?"

"Unamaanisha nini?"

"Nauliza, mtu anaweza kuitoa hiyo kadi kwa mkono mmoja?"

Fundi alimtazama. "Hawezi. Imeshikwa na vibanio viwili, huku na huku. Unavisukuma kwa pamoja, kidole gumba hiki hapa, hiki kingine hapa. Ukisukuma kimoja haitoki."

"Una hakika?"

"Mama, kazi hii naifanya mwaka wa sita."

"Jaribu kwa mkono wa kushoto peke yake."

Alijaribu, pengine ili aachwe apumue. Kibanio kimoja kiliachia, cha pili kikang'ang'ania. Akabadilisha vidole, mambo yakawa yaleyale. Kwenye foleni mtu aliguna.

"Niandikie," alisema mpokezi.

"Nikuandikie nini?"

"Hayohayo uliyosema. Kwamba imefunguliwa, kwamba si ninyi mlioifungua, na kwamba kazi yenyewe haifanyiki bila mikono miwili. Uweke na muhuri."

Macho ya fundi yalitua kwenye kitambulisho cha ofisi ya mawakili kilichoning'inia shingoni mwake. Akaenda kumwita meneja.

Meneja alikuja akifikicha viganja, na tabasamu la mtu anayeomba yaishe. "Dada yangu, hakuna haja ya kufikishana mbali. Kwa heshima yako tunaitengeneza bure. Tunabandika stika mpya, tunachukulia haikufunguliwa. Yameisha."

"Usiseme haikufunguliwa," alisema mpokezi. "Imefunguliwa. Wewe niandikie."

"Sasa dada, si wewe uliyekuwa unabisha hapa?"

"Nilikuwa nabisha. Nimekoma."

"Nikikuandikia barua hiyo, waranti inakufa leo hii."

"Ife."

Meneja na fundi walitazamana. Barua ikaandikwa, mistari mitano, ikagongwa muhuri. Mpokezi aliisoma mara mbili akiwa amesimama palepale, watu wakimpita kwa mabega. Kisha akaikunja, akatoka nayo, na fundi akalazimika kumkimbilia hadi barabarani kumpa laptopu aliyoisahau kwenye kaunta.

Ofisini hakurudi. Alipiga simu akiwa njiani kusema amepata dharura, na alipoulizwa dharura gani alikata. Alitembea kama anayefukuzwa, akavuka barabara bila kutazama, akapigiwa honi. Mlangoni kwake ufunguo ulimshinda. Akauingiza kichwa chini, akautoa, akaufuta kwenye sketi kana kwamba una kosa, akajaribu tena.

Mume wake alikuwa sebuleni, amegeukia dirishani.

"Umeifungua laptopu yangu," alimwambia, hata salamu hakutoa, akaishika barua mbele yake.

Mumewe, aliyekuwa fundi saa hadi siku ya kiharusi, alikizungusha polepole kiti cha magurudumu, akamtazama kwa aibu ya mtu aliyefumaniwa. Kisha mkono wake wa kulia, ambao kwa miezi kumi na moja hata nzi ulikuwa haujamfukuza, ukanyanyuka kutoka mapajani, ukitetemeka, ukaipokea barua.