Kila Chenye Jina la Mbaruku

Siku hizo watu walipandikizwa lenzi machoni tangu utotoni, na kila mmoja aliipamba nyumba yake kwa mistari ya mtindo aliyojiandikia mwenyewe, yaani amri za kuiambia lenzi yake imwonyeshe nini na imfiche nini. Riziki hakuwa mtu wa mapambo. Aliandika mstari mmoja tu, asubuhi baada ya arobaini ya mumewe: kila chenye jina la Mbaruku, kisionekane.

Kiti cha marehemu kikatoweka, ikafuata kofia aliyomdarizia kwa mkono wake. Moyo ukatulia kidogo.

"Mama, chai inapoa," bintiye akamwita.

Riziki akageuka. Kikombe kilikuwa kikielea hewani, hakina mshikaji.

"Zamda! Uko wapi?"

"Si niko mbele yako, mama!"

Ndipo akakumbuka. Zamda Mbaruku. Mtoto huitwa kwa jina la babaye, nani asiyelijua hilo? Akauita ukurasa wa kufuta mistari, ambao macho yake tu ndiyo yangeweza kuufungua. Haukuja. Nao ulikuwa umeandikishwa kwa jina la Nyumba ya Mbaruku.

Akapapasa hewa mpaka akaugusa uso wa mwanawe, umelowa machozi.

"Mama, niangalie basi."

"Nakuangalia, mwanangu," akasema, akiutazama ukuta.