Sijambo ya Mlangoni

Kila asubuhi mlango wa ofisi ulimuuliza kila mfanyakazi, "Hujambo?" Haukujali jibu. Ulipima sauti, ukajua mtu anaamini kiasi gani kwamba siku hiyo ataimudu kazi. Aliyesita alirudishwa nyumbani kupumzika, bila lawama, na mafaili yake akapewa mwenye sauti imara.

Nasra, karani wa malalamiko ya maji, hakuwahi kurudishwa kwa miaka minne. Siri yake ilikuwa bafuni. Kila alfajiri alifungulia bomba ili asisikike, akarudia "Sijambo, sijambo," mpaka sauti ikanyooka. Kisha aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa hadi woga ulipopungua. Kuambiwa kapumzike, yeye? Angeuficha wapi uso wake?

Jumanne hiyo binti yake wa miaka sita, Zuhura, hakuamka. Nasra alimgusa shingo, akautoa mkono upesi. Mtoto alikuwa anachemka.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo," akajibu Zuhura, sauti imenyooka kama rula, macho ameyafumba.

"Umeanza kuumwa lini?"

"Juzi. Lakini nimejizoeza bafuni, kama wewe."

Nasra akapiga simu ofisini kuomba ruhusa. Nayo simu, kama mlango, ikaanza na salamu: "Hujambo?"

Zuhura alikuwa amefumbua macho, anamtazama mdomoni.

"Sijambo," Nasra alijisikia akijibu, imara kabisa, na aibu ikampanda hadi masikioni.

"Vizuri," ikasema simu. "Karibu kazini."