Kazi ya Musau

Musau alikata waya unaozuia bolti ya kwanza isilegee, akageuka kutazama nyumba. Hakuna aliyetoka. Akakata na zile nyingine, kisha akashika spana na kulegeza bolti zote sita za propela ya ndege mpaka zikawa zinazunguka kwa vidole. Waya mpya wote uliobaki akautumbukiza kwenye shimo la choo. Waya mwingine ungepatikana Nairobi tu, na leo ilikuwa Jumapili.

Alitaka kaka yake, Ndunda, asiruke leo, basi.

Mvua za El Nino zilikuwa zimeleta mbu hata huku kwenye mbuga kavu za Athi River, na Ndunda alikuwa na malaria, siku ya tatu sasa. Jana alipotua, gurudumu lilikwaruza seng'enge, na aliposhuka alitetemeka mpaka akashindwa kufungua vifungo vya koti. Lakini watalii walikuwa wanamngoja Amboseli. "Ndege ni yangu na kichwa ni changu," alimjibu Musau asubuhi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndipo Musau akaikumbuka dharau ya kaka yake. Tangu mwaka jana, Musau, fundi wake, aliposahau kufunga waya mmoja, Ndunda hakuruka hata siku moja kabla ya kupitisha kidole juu ya kila waya, mbele ya walinzi na waosha ndege, huku akimwita fundi wa wilbaro. Iliuma sana. Walifika mahali hata salamu zikawa zinapitia kwa mama yao, Kamanthe, ambaye jana alikuja kutoka Wamunyu kuwaona. Leo Musau aliyatamani matusi hayo.

Kupitia dirisha la jikoni alimwona mama ameketi karibu na Ndunda, amemshika mkono. Musau ndiye aliyemtuma amzuie. "Mwaitu, mama yangu, ongea na yeye," alikuwa amemsihi. "Wewe labda atakusikia."

Ndunda akatoka, akiyumba kidogo. Musau akajibanza nyuma ya stoo, mgongo ukutani, akingoja kuitwa mpumbavu. Kaka angefoka, angemfukuza kazi, pengine angempiga makofi. Liwalo na liwe, mradi abaki hai.

Akasikia injini.

Alichomoka mbio, akipunga mikono, akipiga kelele ambazo hata yeye mwenyewe hakuzisikia. Ndege ilikuwa imeshageuka na kushika kasi. Ndunda alimwona. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana alimtabasamia mdogo wake, akampungia mkono, kisha akaivuta ndege juu.

Musau akaikimbilia kwenye tope mpaka seng'enge ikamzuia. Mama yake akaja taratibu, akijifuta macho kwa ncha ya leso. Alikuwa analia kwa furaha.

"Kukaa amekataa kabisa," alisema. "Lakini nimemwomba kitu moja tu, na amenikubalia. Nimemwambia, huyu ni ndugu yako, mmenyonya titi moja. Leo usikague kazi yake."