Wimbo Alioutoa Kibwana

Mwanahawa alikuwa akisukuma chapati kwa mikono yote miwili, na kila duara lilipokaa sawa alimshukuru Mungu. Mwaka jana mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza na mdomo umekwenda upande, hata mumewe, Kibwana, akaenda hospitali kumtolea wimbo.

Siku hizi wimbo hutolewa kama damu. Ule unaoupenda kuliko zote ndio unaoponya: mgonjwa akiusikiliza huinuka, na wewe uliyeutoa hubaki ukiusikia kama kelele za jirani.

Redio ikaupiga ule alioutoa Kibwana. Mwanahawa akaongeza sauti, mabega yakaanza kucheza yenyewe.

"Mke wangu, hebu punguza kidogo," Kibwana aliita kutoka barazani. "Wa nani huo?"

"Wetu, mume wangu."

Hospitali hawakuwaambia kwamba wimbo hauondoki peke yake, huondoka na kumbukumbu zake. Mwanahawa akampelekea chai, akaketi karibu naye, akamsimulia tena: kijana aliyevuka ukumbi mzima wa harusi, viatu vya kuazima vikimbana, kumwomba wacheze wimbo huo, na ulipokwisha, akakataa katakata kumwachia mkono.

Kibwana alisikiliza kwa adabu kama mgeni, akicheka panapochekesha.

"Huyo kijana alikupenda kweli," alisema.

"Bado ananipenda," Mwanahawa akajibu. Akaushika mkono wa mumewe kwa mkono wake wa kulia, akaubana kwa nguvu zote alizopewa naye.