Ziwa Lilipotutembelea

Muziki ulizimwa, kama ilivyo desturi ya harusi zetu hapa Kendu Bay, ili kila familia isimame na kujisifia mwaka wake mbele ya wageni; sasa ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Nilisimama. Viatu vyangu vilidondosha maji sakafuni.

"Wengine huenda ziwani," nikasema. "Kwangu ziwa lilikuja lenyewe! Lilipiga hodi, likalala sebuleni. Kamongo waliokaa chini ya kabati langu la vitabu sasa ni samaki waliosoma!"

Watu walicheka. Shemeji yangu Ogweno hakucheka.

"Shemeji, nyumba yenu imezama," akasema kwa sauti. "Leo namrudisha dada yangu kwetu. Wewe baki na samaki wako."

Mke wangu alikuwa akibandua tope lililokaukia kwenye pindo la gauni lake. Alilibandua lote, kisha akasimama.

"Ogweno, mume wangu ni mwongo."

Niliinamisha kichwa.

"Ziwa halikupiga hodi tu. Lilipiga magoti mlangoni, likaniomba mimi ruhusa. Nami nikalikaribisha. Sasa nitatokaje nyumbani, na mgeni wangu bado yumo?"

Akanishika mkono.

"Washeni muziki."